Kaseti ya Sahra

Siku ya saba ya msiba wa Edo Batula, wanawake wa nyumbani walimaliza kugawa vitu vyake. Mikeka ilikwenda msikitini, sufuria kubwa ikaenda kwa jirani aliyekuwa akiiazima kila harusi, mitandio ikagawiwa wapwa. Ikabaki redio ya kaseti iliyovunjika mkono, imefungwa ndani ya kipande cha kanga, na hakuna aliyeitaka, maana siku hizi nani anasikiliza kaseti? Msichana mmoja wa shule, mjukuu wa ndugu wa marehemu, aliniletea pale nilipokaa nimeegemea ukuta, akasema, "Edo, hii wamesema ni yako." Edo ndivyo tunavyomwita shangazi, dada wa baba, na mpaka siku hiyo neno hilo kichwani mwangu lilikuwa la mtu mmoja tu. Niliipokea redio, nikaiweka mapajani, nikalia kwa mara ya kwanza tangu nishuke Garissa. Nilikuwa nimefika msibani na macho makavu, na watu waliliona hilo. Wasichokijua ni kwamba wiki moja kabla hajafa alinipigia simu, nikiwa kwenye mkutano wa walimu, nikamwambia nitampigia baadaye. Sikumpigia.

Nilikwenda kuishi naye mwaka wa tisini na nane. Nilikuwa na miaka kumi na minane na alama za kidato cha nne ambazo baba alishindwa kuzitaja kwa sauti. Wakubwa walisema naenda kumsaidia Edo kazi. Ukweli ni kwamba tulikuwa watu wawili wenye huzuni, na wakaona heri tuwekwe nyumba moja tusiwasumbue wengine. Edo alikuwa amefiwa na binti yake wa pekee, Sahra, aliyeolewa mbali kule Takaba na mfanyabiashara wa mbuzi. Sahra alifariki akijifungua, yeye na mtoto, katika miezi ile mvua ilipokata barabara zote na malori yakalala njiani wiki nzima-nzima. Habari ya kifo ilifika kwa redio ya mawasiliano ya dukani, ile watu waliyokuwa wakiipangia foleni ili waongee na jamaa zao. Lakini kabla ya kufa Sahra alikuwa ameshatuma kaseti. Kaseti ilikwama na lori la mifugo, ikalala Wajir, ikafika Garissa Februari, wakati mwenye sauti ameshazikwa miezi minne.

Kwa wasioijua desturi hiyo, niieleze. Kwetu watu hawakuwa wakiandikiana barua sana, hasa kina mama. Walizungumza kwenye kaseti. Mtu anajaza upande mmoja salamu, habari za mifugo, nani kaoa, nani kaachika, halafu anauacha upande wa pili mtupu na kumpa dereva kaseti. Anayeipokea anasikiliza, anajaza upande wa pili majibu yake, na kaseti ile ile inarudi ilikotoka. Kwa hiyo kaseti ya Sahra ilipofika, nusu yake ilikuwa bado inamngoja mama yake. Edo aliisikiliza mara moja tu, peke yake, mlango umefungwa, kisha akaiweka ndani ya bati la ubani, mkebe mdogo wenye kifuniko. Akasema ataisikiliza tena mwaka utakapotimia, akipata nguvu. Hayo niliyakuta yameshatokea nilipowasili, nikaambiwa nisiguse bati lile.

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili vya matofali na jiko la mabati uani. Mimi nilipewa kitanda cha Sahra, karibu na dirisha lisilo na kioo, ambapo kila asubuhi niliamshwa na punda wa maji. Kifungua kinywa kilikuwa anjera, chapati zetu nyembamba, zenye mafuta ya simsim na chai yenye sukari ya kutosha watu watatu. Edo alikula akiwa amesimama, kisha akaenda sokoni kuuza vitambaa, akiniachia maharage ya kuchagua na sakafu ya kumwagia maji. Ukuta wetu na wa jirani ulikuwa mmoja, na asubuhi ya pili nilimsikia jirani akimwambia mumewe, "Wamemletea mwingine wa kulala kitanda kile. Maskini Batula." Nililala kitanda kile nikijihisi mwizi. Siku ya nne au ya tano, Edo alipokwenda sokoni, nilifungua bati la ubani.

Sitajitetea. Nilitaka kujua ni mtoto gani niliyeletwa kujaza nafasi yake. Sahra alianza kwa kukohoa, akasema, "Assalamu alaykum, hooyo, ni mimi, Sahra. Sijui kama mashine hii inanisikia." Hooyo ni mama, na mama naye humwita mwanawe hivyo hivyo. Alizungumza taratibu, akicheka mwenyewe kabla ya kufika penye kichekesho. Alieleza chumba chake, upepo wa Takaba unaoingiza mchanga hadi kwenye chai, mama mkwe anayekoroma na kukataa kwamba anakoroma. Mbuzi akalia karibu, Sahra akamfukuza, akaendelea. Alisema mimba imekuwa nzito, miguu imevimba, akamwomba mama yake amrekodie kikao cha sitaad, zile nyimbo zake na wenzake za Alhamisi, upande wa pili ili akijifungua aisikie. Halafu akauliza jambo. Alisema amekuwa akijisimulia hadithi za utotoni ili apate usingizi, na kuna moja amesahau mwisho wake, ile ya ngamia aliyefiwa na ndama. "Wachungaji wakamletea ngozi ya ndama wake imejazwa nyasi, ili asikate maziwa. Akainusa. Halafu, hooyo, alitoa maziwa au alikataa? Nijibu hilo kwanza, halafu mengine." Akaaga, sauti ikakatika.

Nilirudi kwenye bati lile asubuhi iliyofuata, na iliyofuata. Nilikuwa msichana aliyefeli, na hakuna aliyekuwa akinisimulia chochote. Sahra alinisimulia. Nilijua anapovuta pumzi, nilijua neno gani linakuja baada ya kicheko. Kila nilipomaliza niliirudisha kaseti mwanzo, nikaiweka ndani ya bati kama nilivyoikuta, nikachagua maharage.

Alhamisi baada ya alasiri chumba cha Edo kilijaa wanawake. Sitaad ni kikao chetu cha kumsifu Mtume na kuwaita kwa heshima mama zetu wa dini, Hawa, Maryam, Fatuma. Wanawake wanapiga makofi na kuimba kwa kupokezana, ubani unafuka, na bakuli la buni za kahawa zilizokaangwa kwa samli linazungushwa. Wengine huimba tu. Kwa Edo kulikuwa na sheria yake: bakuli likikufikia, unasema kilichokuleta, shida yako au kisa chako, kikubwa au kidogo, kisha unatafuna buni, unajipaka samli nywele, na wenzako wanakuombea. Mmoja alisimulia jinsi alivyomkimbia mume wa kwanza na nguo moja mwilini. Mwingine alisema amemchukia mkwe wake miaka tisa na amechoka kumchukia. Kijana fulani wa mtaani aliwahi kupita akisema kikao chetu hakimo katika dini. Edo alimtumia bakuli la buni kwa mkono wa mtoto. Lilirudi tupu.

Mle chumbani tulizungumza Kiswahili cha sokoni kwa sababu ya Dhahabo, mama wa Kiborana kutoka pande za Wajir aliyeuza maziwa ya ngamia na hakujua Kisomali cha kutosha. Alikuwa mtu mzima, mwenye mdomo usio na breki. Wiki ile ya kwanza bakuli liliponifikia nilisema, "Mimi sina neno. Mniombee nifaulu."

"Huyu anaficha," Dhahabo akasema. "Mimi najua. Ng'ombe mwenye kidonda anatembea hivi hivi."

"Mwache, Dhahabo," Edo akasema. "Atasema tu. Mungu anajua kila kitu, yeye ndiyo bado hajui mbaka aseme."

Maneno hayo, na 'p' yake iliyotoka 'b', niliyaona ya kizee. Leo nayarudia darasani.

Mwezi wa tatu, Alhamisi, Edo alitangaza kwamba atajaza upande wa pili. Jirani yule wa ukutani akamwambia kwa upole, "Batula, abaayo, dada yangu, Sahra amekufa. Kaseti utatuma wabi?"

"Nani alikwambia dua inangoja barabara? Mtoto aliniomba sitaad, nitambelekea sitaad." Kisha akaniita, kwa sababu hakuwahi kujua kurekodi kwa redio ile. Kurekodi kulitaka ubonyeze vitufe viwili kwa pamoja, na yeye vidole vyake vilikataa. "Naa Deka, toa kaseti ndani ya bati. Ubande mtubu. Bonyeza."

Nilikuwa nimeisikiliza asubuhi ile ile. Nilikuwa nimeirudisha mwanzo, kama kawaida. Nikaitia kwenye redio vile vile mkono wangu ulivyoizoea asubuhi zote zile, nikabonyeza viwili kwa pamoja, na wanawake wakaimba nusu saa nzima, mpaka kitufe kikaruka chenyewe. Edo aliimba akiwa amefumba macho. Sikuwahi kumsikia akiimba hivyo. Dhahabo alipiga makofi huku machozi yakimdondoka mashavuni, hata hakuyapangusa. Mimi nilikaa kando ya redio nikijiona mtu mwema.

Kesho yake asubuhi nilifungua bati nimsikilize Sahra, nikakuta makofi. Nilidhani nimekosea upande. Nikageuza. Upande wa pili ulikuwa unavuma mtupu, hakuna mtu. Nikageuza tena, makofi. Niliipeleka mbele mpaka mwisho, nikitafuta hata kikohozi kimoja. Nilikumbuka kila nilichofanya tangu asubuhi ya jana, mkono wangu ukiingiza kaseti bila kuangalia, na nikaelewa kwamba Sahra amekufa mara ya pili na mara hii nimemuua mimi. Nikaketi sakafuni. Maharage yaliungua siku hiyo, Edo akarudi, akacheka, akasema mtu akipenda mara ya kwanza huunguza maharage.

Kuanzia hapo miezi saba ilipita, na kila Alhamisi bakuli lilinijia, na kila Alhamisi nilisema sina neno, mniombee nifaulu. Nilikonda. Nilisali sana mwaka ule, lakini sala zangu zilikuwa za kuomba kaseti ipotee, nyumba iungue, panya waingie kwenye bati. Mtu anaweza kusujudu mara tano kwa siku huku anajificha, na mimi nilikuwa fundi wa hilo. Usiku, kabla ya kulala, nilimsema Sahra kimoyomoyo mwanzo hadi mwisho, kwa hofu kwamba na mimi nitamsahau. Wakati mwingine Edo alisimama mlangoni akaniuliza naongea na nani. Nilisema narudia masomo. Alifurahi, akaniletea maziwa.

Mwaka wa Sahra ulitimia mwezi wa kumi. Edo alichinja mbuzi, akapika wali na nyama, akawalisha maskini wa msikitini mchana. Alasiri, wanawake wakiwa wameketi, alivaa mtandio mweupe, akalileta bati la ubani mwenyewe, akaniwekea mbele. "Leo nina nguvu," alisema. "Leo sote tutamsikia Sahra. Bonyeza, mama."

Nilishika kaseti. Bakuli la buni lilikuwa kwa jirani yangu, akamaliza neno lake, akanipitishia. Nikajikuta nina kaseti mkono mmoja na bakuli mkono mwingine. Samli ikanimwagikia gotini.

"Edo," nikasema, "Sahra hayumo. Nilimfuta. Siku ya sitaad niliweka upande usiostahili. Nilikuwa namsikiliza kwa siri kila asubuhi, ndiyo sababu nikakosea. Nimejua tangu kesho yake."

Edo aliniangalia. Uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa kama wa mtu anayefanya hesabu na haimwishi.

"Yote?"

"Yote, Edo."

Aliinamisha kichwa, na ule mtandio mweupe ukamfunika. Sauti iliyomtoka sitaki kuieleza. Jirani alimshika mabega. Mtu mmoja nyuma akasema mtoto huyu arudishwe kwao, na nilikubaliana naye. Ndipo Dhahabo akauliza, kwa sauti yake ya kuuza maziwa, "Wewe. Ulisikia mara ngapi?"

"Sijui. Nyingi. Mia."

"Basi ni nini inakusumbua? Sema. Sema kama yeye alisema."

Nilimtazama Edo. Hakuinua kichwa, lakini hakukataa. Nikaweka bakuli chini. Nikakohoa, kwa sababu Sahra alikohoa. Nikasema, "Assalamu alaykum, hooyo, ni mimi, Sahra. Sijui kama mashine hii inanisikia." Nikaeleza upepo na mchanga kwenye chai. Nikacheka pale alipocheka, kabla ya mama mkwe kukoroma. Nikamfukuza mbuzi. Wanawake wawili walicheka na kujiziba midomo. Nikafika kwenye miguu iliyovimba, nikaomba sitaad, nikauliza habari ya ngamia, nikaaga. Nilipomaliza, adhana ya magharibi ilikuwa inaanza.

Edo alifunua uso. "Umesahau mlango," akasema. "Baada ya mbuzi, mlango ulijigonga."

Alikuwa ameisikia mara moja tu, na alikuwa sahihi.

Hakunisamehe siku ile. Nasema hivi kwa sababu watu wakinisikia nikisimulia hupenda kuweka msamaha hapo. Kwa wiki tatu hakusema nami neno, alizungumza na sufuria, na paka, na Dhahabo: "Mwambie yule chai iko." Nilikula peke yangu jikoni na nililia ndani ya anjera. Alhamisi hizo nilikaa jikoni nikisikiliza makofi kupitia mabati. Alhamisi ya nne alinyoosha mkono kuelekea jikoni bila kunitazama, akasema, "Deka. Njoo useme." Nikaja nikasema, na mlango nikaugonga kwa ngumi sakafuni. Tangu siku hiyo, kila Alhamisi, baada ya Mtume na mama zetu, mimi nilikuwa Sahra. Sijui jina la ibada hiyo. Najua kwamba nilianza kusali kweli wiki ile, kwa sababu nilikuwa sina tena cha kuficha, na najua nilijifunza pale namna ya kukaa mbele ya watu na kuwapa kitu kwa mdomo. Wakaguzi wa shule wamewahi kunisifu kwa kipaji. Siwaambii kilikotoka.

Mara moja tu, nikimsuka nywele uani, nilithubutu. "Edo, ngamia yule. Alitoa maziwa au alikataa?"

"Hilo hukuuliza wewe," akanijibu. "Aliuliza Sahra."

Nilirudia mtihani, nikafaulu, na mwaka uliofuata nikapata nafasi ya chuo cha ualimu, nikaondoka. Baadaye simu zikaja, na Edo akawa ananipigia Alhamisi, hasalimii sana, anasema tu, "Sema." Nilisema nikiwa stoo ya vitabu, nikiwa foleni ya benki, mara moja nikiwa wodini nimetoka kujifungua. Miaka ikapita, nikaanza kuwa na shughuli. Nilikuwa na mkutano wa walimu. Nimeshasema hayo.

Siku ile ya saba ya msiba ilikuwa Alhamisi. Baada ya alasiri niliagiza betri nne kubwa kutoka duka la mkabala. Kaseti ilikuwa bado ndani ya redio. Niliona ni upande ule wa pili ulioelekea juu, ule uliokuwa ukivuma mtupu, nikataka kuugeuza nisikie sitaad, nisikie Edo akiimba. Kidole kikabonyeza kabla sijageuza. Kukawa na kelele za vitufe, tena, na tena, mtu akitukana kwa upole kwa Kisomali. Kisha kikohozi.

"Bismillahi. Inazunguka? Inazunguka. Sahra, hooyo, ni mimi. Deka amekwenda chuo, hakuna wa kunibonyezea. Nimebonyeza mwenyewe, vyote viwili. Uliniuliza ngamia, ukasema nikujibu hilo kwanza. Nimechelewa. Walimletea ngozi, imejazwa nyasi. Akainusa kichwa, akainusa mgongo, akainusa mkia. Alijua, hooyo. Ngamia si mjinga. Alijua hiyo ni ngozi tu na mtoto wake hayupo." Nilisikia paka, na punda wa maji kwa mbali. "Akatoa maziwa."

Ukanda uliendelea kuzunguka mtupu na mimi sikuweza kuuzima. Yule msichana wa shule alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe.

"Edo, nyanya anamjibu nani?"

Nikamwambia aweke sinia chini, akae. Nikajipangusa uso kwa kipande kile cha kanga, nikakohoa.

"Assalamu alaykum, hooyo," nikasema, "ni mimi, Sahra. Sijui kama mashine hii inanisikia."